Chokaa ya Birika la Rumonge

Rumonge, Mfungo Nne

Kwa dada yangu Biasha, Ujiji.

Assalamu alaikum. Shikamoo, dada. Natumaini wewe, shemeji Hamissi na watoto mna afya, na kwamba kifua chako kimepoa. Huku tunamshukuru Mungu kwa kila hali, na hali yenyewe nitakueleza.

Baba alipewa kazi ya kujenga birika la kutawadhia la msikiti wetu. Vigae vilichomwa kule kijijini Kizuka, vikapangwa vizuri. Ikabaki kujaza nafasi kati ya kigae na kigae kwa chokaa laini iliyochanganywa na vumbi la matofali. Bila chokaa hiyo maji hupenya na kutoweka chini kwa chini. Tangu utotoni tumemsikia akisema kwamba vigae vinyweshwe maji kwanza, kisha kazi ifunikwe majani mabichi, maana chokaa ikikauka haraka hupasuka.

Safari hii mwenyewe hakufunika. Usingizi ulimpitia mchana, mwiko mkononi, jua likakausha kila kitu. Maji yaliyojazwa asubuhi yalikwisha kabla ya adhuhuri. Alimasi muuza mawese akauliza kama birika limejengwa kunywesha mchwa. Mama Zena akasema mwashi wetu siku hizi anajenga ndotoni tu. Baba alicheka nao, kisha akasinzia tena mbele yao, na kicheko kikakatika.

Nilizikwangua nafasi zote kwa kisu, nikazijaza upya. Baba alikaa kando akinielekeza, ingawa maneno yake mengi hayakufika mwisho. Maji sasa yanakaa. Imamu Ramazani alimpa baba mkono, akamwambia hata wajukuu watatawadha hapa. Sijamwona baba akifurahi vile tangu mama afariki.

Juma lililofuata akaja daktari wa Kidachi na askari. Alimshika kila mtu shingo akitafuta vivimbe, akavidunga sindano kutoa maji ya kupima. Baba ana ugonjwa wa usingizi. Anapelekwa kambi ya wagonjwa. Wazima wote wameamriwa kuhama ufukoni wapande milimani, kwa sababu ya mbung'o wa vichakani. Msikiti unafungwa. Birika limejaa, na hakuna wa kulitumia.

Imamu alinisihi niende milimani na kina Zena, nisijizike kijana kwa ajili ya mzee ambaye hata jina langu hulitafuta. Nilimjibu kwamba siendi. Baba anajisifu kwa kila apitaye kuwa binti yake amekubali kwenda kumuuguza, nami nimemwacha aamini hivyo. Daktari aliishika shingo yangu pia, dada. Akaniweka upande aliomweka baba.

Usije kututafuta. Katika waliotangulia kambini hatujamwona aliyerudi. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na ukimwombea baba unitaje na mimi.

Mdogo wako,
Chausiku binti Abasi