Mdomo wa Malkia

Jumatatu, 4 Machi

Jitu la kitabu nimemaliza kulichora! Mabega nimeyaazima kwa muuza nyama wa pale kona. Nilimwomba kwanza, akakubali bila hata kuuliza kwa nini. Leo nimempelekea aone. Kaitazama karatasi, kisu mkononi, wateja wanangoja. Akasema pembe fupi, zinamdhalilisha. Mwanamume mzima! Nikaziongeza hapohapo juu ya kaunta.

Sasa amebaki Malkia wa Kizingiti, mlinzi wa mlango kati ya walio hai na mizimu. Ndiye wa jalada. Mhariri anamtaka Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 6 Machi

Malkia hataki kuja. Nimechora, nimefuta, nimechora. Wote warembo, wote kama tangazo la sabuni. Mhariri kapiga simu: wanapendeza, lakini hawamtishi hata mtoto. Kweli tupu.

Watu hudhani mazimwi yanatoka kichwani mwangu. Yanatoka kwenye foleni ya benki, jamani! Mchawi wa sura ya tatu ni mama mwenye nyumba, vile anavyokuja kugonga mlango redio yetu ikipaza sauti. Huyo sikumwomba. Mungu amwepushe na vitabu.

Ijumaa, 8 Machi

Dada kanisuka. Saluni hajarudi tangu uso wake ulegee upande wa kushoto — jicho halifumbi vizuri, mdomo umeteremka. Daktari anasema huenda ukarudi wote, huenda usirudi. Na msusi kutwa yuko mbele ya kioo. Hapo ndipo penye kazi. Hata cha sebuleni kakifunika shuka.

Akinisuka anaongea kama zamani, kwa kuwa yuko nyuma yangu. Leo kamwigiza mteja wake mmoja, yule anayetaka nywele za bibi harusi kila wiki na bwana harusi hayupo. Nimecheka mpaka machozi. Nikageuka. Naye anacheka — nusu ya uso inacheka, nusu imetulia, inanitazama tu. Akanisukuma kichwa: tazama mbele, utanikosesha mstari.

Malkia! Mguu mmoja huku, mmoja kule. Ndiye huyo.

Nimefurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwomba dada uso wake kwa ajili ya Malkia, tukiosha vyombo. Akauliza: kwa hiyo sasa mimi zimwi? Nikasema malkia. Akasuuza sahani moja muda mrefu sana. Akasema haya, chora, lakini hakai mbele yangu kama yuko kliniki. Nitumie kichwa changu, si namjua tangu nazaliwa.

Jumanne, 12 Machi

Mkono umekwenda wenyewe. Paji la uso, shingo, lile taji la miba. Nilipofika mdomoni nikasita. Nikaunyanyua kidogo. Kidogo tu! Na jicho nalo. Nani apende kujiona hivyo kwenye jalada, madukani? Nimemfanyia wema.

Mhariri kafurahi: huyu sasa! Imepita. Mbona sina raha?

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwonyesha dada. Nilitegemea kukumbatiwa.

Kauliza: huyu nani? Wewe, dada. Akasema hapana, huyu ni yule wa mwaka jana, anamjua, walikuwa wakionana kila siku kwenye kioo cha saluni. Muuza nyama kaongezwa pembe, yeye kanyang'anywa mdomo. "Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mdogo wangu." Watu wote siku hizi wanaongea naye wakiangalia sikio lake. Alidhani angalau mimi, ambaye kazi yangu ni kuangalia, nitamwangalia.

Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Heri angebamiza!

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Sikumhurumia yeye. Niliogopa kuchora nilichokiona.

Ijumaa, 15 Machi

Picha inatakiwa leo. Asubuhi nimemwandikia mhariri asiitumie ile. Hajajibu. Ameshaipenda, ataniona kichaa.

Nilikuwa nakunywa chai dada akatoka, kavaa lile gauni la kijani la harusi ya binamu yetu. Hakunisalimia. Akaburura kiti mpaka dirishani, akakaa, uso wote kwangu. Akasema nianze na mdomo, maana nikiuacha mwisho nitaogopa tena.

Nimechonga penseli. Nimeichonga tena. Kaniuliza naandika nini humu. Nikasema natafuta mwanga. Kasema mwanga si huo umejaa, au nataka na taa?

Jicho la kushoto linachuruzika, ndivyo linavyofanya lisipofumba. Hapangusi. Simu inaita — mhariri. Dada anasema iache iite. Ananitazama. Namtazama. Mdomo unaanzia chini zaidi kuliko nilivyodhani. Naacha kuandika, nachora.