Jina la Kaka Redioni

Karatu, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Sinyati,

Habari za Nainokanoka? Baridi imepungua? Yeyo, mama yetu, anaendeleaje na magoti yake, na kule kusahau kwake? Mimi ni mzima, ila usingizi haba.

Nimeacha kazi maabara. Miaka yote ile nimepima damu za mifugo na kuandika ripoti za kimeta ambazo hakuna aliyezisoma, mwisho kimeta chenyewe kikaingia kwetu, kikamchukua kaka yetu kwa nyama ya ng'ombe aliyejifia. Katika ripoti ya mwaka ule yeye ni "kifo kimoja, mwanamume". Nikashindwa kurudi mezani. Nimeandika riwaya inayomhusu, na mchapishaji wa Dar ameikubali.

Nimeipa jina lake, tena jaladani kwa herufi kubwa. Najua kwetu kijana akifa hajaoa jina lake huenda naye, halitamkwi tena nyumbani. Lakini Yeyo hajui kusoma, na Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya chumvi. Kitabu hakitamfikia. Nami sikubali kaka yangu afutike kana kwamba hakuzaliwa.

Filbert wa lori la unga anakuletea sukari na dawa ya magoti.

Dada yako,
Resiato

Nainokanoka, 3 Machi 2023

Dada, shikamoo.

Sisi wazima, tunashukuru Mungu. Sukari imefika, ingawa mfuko mmoja ulikuwa umefunguliwa na Filbert alikuwa anajilamba vidole. Yeyo anakusalimu. Jana aliniita kwa jina lako mara nyingi, nikaitika tu.

Ulikuwa daktari wa ng'ombe, sasa umekuwa daktari wa hadithi. Hongera, sikatai. Ila hilo jina liondoe. Mwite huyo mtu wako Lazaro, mwite Yohani, majina yamejaa tele Karatu. Umesahau tulipomzika? Baba mdogo alikuwa na mtoto ambaye ni somo wa kaka, alikuwa ameanza tu kutembea. Siku ileile akambadilisha jina, leo anaitwa Metui, ili Yeyo asilisikie likiitwa uani. Mtoto mzima kabadilishwa jina, kitabu kitashindwa?

Wewe unakaa mbali na mama. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Liondoe, dada, nakuomba.

Mdogo wako,
Sinyati

Dar es Salaam, 20 Novemba 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini mnaendelea vizuri na mvua zimewakuta salama. Samahani kwa kimya. Sina muda hata wa kuchana nywele.

Kitabu kimetoka na kinanunuliwa kama mahindi ya kuchoma! Wamekichapa tena na tena. Nilipokisaini Karatu, mama mmoja kutoka Endamarariek alinishika mkono akamlilia kaka yetu kwa sauti, na hakuwahi kumwona. Sisi tulimlilia siku chache, tukafunga mdomo. Sinyati, niambie kwa haki, nani kamheshimu zaidi?

Jina nimeliacha. Redio moja ya Arusha itakisoma kila jioni kuanzia Januari. Ukifika wakati wa kitabu, zimeni.

Nimebadilisha namba ya simu, wasomaji wananipigia hadi nikiwa bafuni. Nitakutumia mpya.

Dada yako,
Resiato

Nainokanoka, 19 Januari 2024

Dada, shikamoo.

Afya zetu za kusukuma siku. Nimepiga ile namba ya zamani nimechoka, na mpya hukutuma.

Redio yetu nilizima. Ya jirani sikuizima. Yeyo alikuwa kwa huyo jirani, mama Sakaya, wanatunga shanga. Kiswahili cha mtangazaji kilimpita chote, jina likamwingia. Alisimama bila fimbo. Akasema, "Mmesikia? Wanamtaja. Aliyekufa hatajwi. Mwanangu yu hai, na ninyi mlinificha!" Mama Sakaya akafunika uso.

Tangu hapo anamtengea kaka maziwa kwenye kibuyu kila jioni. Anaimba, dada. Sijamwona na furaha hivi tangu nikiwa mdogo, na furaha hiyo inanitia hofu. Anauliza redio inasema amefika wapi. Ningejibu nini? Nilimwambia yuko Karatu, kwako. Amesema akichoka kusubiri atamfuata.

Njoo. Mimi nikimwambia ukweli ananiita mwongo. Ila akikuona umeshuka kwenye gari peke yako, ataelewa bila mtu kutamka neno. Usingoje nafasi, njoo wiki hii.

Mdogo wako,
Sinyati

Nainokanoka, 6 Februari 2024

Dada, shikamoo.

Sisi tupo, lakini si wazima. Mwenye nyumba wako, Lukresia, alimwambia Filbert kwamba uko Nairobi kupokea tuzo, na barua yangu ameiweka juu ya kabati lako. Namwomba akupigie, anasema na yeye hana namba mpya.

Jirani ameacha kufungua redio kwa ajili yetu. Imekuwa mbaya zaidi. Yeyo anasema mwanawe amenyamaza kwa sababu ni mgonjwa huko Karatu na hakuna wa kumpa maziwa. Amekunja lubega jipya jekundu, analala nalo mlangoni. Namlinda mchana na usiku, na nina ng'ombe wa kukamua. Tafadhali.

Sinyati

Nainokanoka, 25 Februari 2024

Dada Resiato,

Sikuulizi hali.

Aliondoka asubuhi nikiwa nakamua. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe niliyemshika sikumwona pembe. Tulimtafuta siku hiyo na siku iliyofuata. Wachungaji walimkuta msituni chini ya barabara ya kushukia Karatu. Hakuguswa na mnyama. Ni baridi tu. Lubega hakujifunika, alikuwa amekivingirishia kile kibuyu ili maziwa yasipoe.

Tumemzika. Nilikungoja hadi wazee wakakataa kungoja zaidi.

Nilimdanganya kwamba kaka yuko kwako, na njia aliyoshika ni ile niliyomwambia. Hilo nitalibeba. Lako libebe wewe.

Sasa nyumbani kwetu yapo majina mawili yasiyotajwa. La kwanza limekushinda. Hili la pili usiliguse.

Sinyati

Karatu, 2 Machi 2024

Mdogo wangu,

Salamu nimezitafuta, sijui nianze na ipi. Nimerudi jana. Lukresia alinipa barua zako tatu pamoja, nikazisoma nimesimama, begi bado begani. Hadi namaliza ile ya pili nilikuwa napanga safari ya kuja kumwona Yeyo.

Nimewaambia waache kuchapa. Wanasema vitabu vilivyokwisha kutoka havirudi, na najua hivyo. Filbert anakuletea barua hii kesho, na safari yake inayofuata nitapanda naye. Kama hutaki nifike, mwambie, atanishusha njiani.

Leo mchapishaji alipiga kunipa pole. Ni mtu mwema. Anasema wasomaji wanangoja kitabu cha pili, na kwa sasa wataweka tangazo la rambirambi gazetini. Akaniuliza mama yangu aliitwa nani.

Jina hilo sikulitaja, hadi akadhani simu imekatika.

Dada yako,
Resiato