Pole kwa Bi Mwaija

Jumanne, 9 Julai
Gari la polisi limemgonga Sadala, mkulima, huko Handeni. Amefia palepale. Dereva ni Konstebo Obadia — kijana wa kwetu Bungu, milimani, ndoa yake niliifungisha mimi. Nimemkuta mahabusu. Kaniomba nimwombee, nami nikamshika mkono tu.
Wanakijiji wanasema atalindwa kwa sababu ni Mkristo wa milimani. Mkuu wa kituo kaniita: kesho niende msibani kutoa pole. Mimi! Mchungaji wa polisi, mwanamke, kwenye msiba wa Waislamu wenye hasira!

Jumatano, 10 Julai
Nimempigia simu mama. Kanikataza nisile wala nisinywe chochote. Handeni wanaroga, kasema. Nikacheka. Nilipokata simu nikaisukuma kando glasi iliyokuwa mezani. Miaka yote ile ya theolojia, na bado naogopa glasi ya maji!
Nilikuwa navua kola yangu ya kichungaji. Konstebo Hafsa, mzaliwa wa kijiji cha marehemu, akaniona. Ivae tu, Mchungaji, akasema. Wakijua umejificha ndiyo itakuwa mbaya. Akaniagiza nijitande kanga, nikae mkekani na wanawake. Dua wataomba wao. Nisianze kuhubiri.
Tulipofika vijana wakainuka. Mmoja akauliza kwa sauti, sasa mmetuletea kanisa? Nikaenda moja kwa moja kwa wanawake. Nikakaa.
Mama wa marehemu, Bi Mwaija, hakunitazama.
"Pole sana, mama."
Akauliza kama dereva ana mama. Anaye, nikasema. Analia? Analia.
"Mlete dereva mwenyewe. Nataka kumwona uso."
Nikaitikia kabla sijafikiri.
Wakaleta wali na maharage. Nilikula. Mtamu! Bi Mwaija akanisogezea maji. Nikaona aibu, nikayanywa yote.

Alhamisi, 11 Julai
Obadia hataki.
"Wachawi wale, Mchungaji! Nikikanyaga pale sirudi!"
Maneno ya mama yangu, kinywani mwake. Nikamkaripia. Nikamwambia nimekula kwao, na yule mama kafiwa na mwanawe, haombi kingine ila kumwona.
Akaniangalia. Kwani wewe huogopi?
Naogopa, nikamwambia.
Akalia. Baadaye akasema sawa, ila nikae karibu naye.

Jumamosi, 13 Julai
Naandika garini. Mwandiko mbaya.
Mkuu karuhusu Obadia aje, chini ya ulinzi. Yuko kiti cha nyuma na Konstebo Kaleb. Hafsa alikuwa anaendesha. Kashuka kwenda kuomba ruhusa msibani. Hajarudi. Nyuma yetu vijana wameburuta gogo, wameliweka katikati ya barabara. Kaleb anasema tuondoke. Tupite wapi?
Bi Mwaija anakuja! Anatembea polepole, Hafsa pembeni yake. Wanaume wanawafuata, wengine na mapanga. Wametoka shamba? Sijui. Sijui! Bi Mwaija kageuka, kawaambia neno. Wamesimama. Hata yule kijana aliyeuliza habari ya kanisa.
Obadia ananong'ona, nishuke?
Shuka.
Anavuta mlango. Haufunguki. Anavuta tena — ananitazama.
Loki za milango nimezifunga mimi. Zote. Hafsa aliposhuka tu, kabla hata sijaliona hilo gogo.
Bi Mwaija kafika. Anagonga kioo changu kwa kidole.