Karatasi Inayoishia Getini

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Cheti cha contrôle technique, ule ukaguzi wa gari, cha gari la baba kiliisha Machi. Nani angekikumbuka? Baba alikuwa kitandani, kisha akafariki, tukawa na kilio. Tangu hapo Corolla imelala uani.

Leo nimepata karatasi ya rendez-vous, miadi ya ukaguzi. Imeandikwa wazi: gari litoke nyumbani, lifike kituo cha ukaguzi, lirudi. Siku ile tu, bila kupinda popote. Mdogo wangu Paulin amecheka mpaka machozi — mji mzima unatembea bila karatasi, ni mimi tu ninayeomba ruhusa! Acha acheke. Nafundisha civisme, somo la uraia, shule ya sekondari. Siwezi kusema hivi asubuhi darasani, mchana nikafanya vile barabarani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama ameomba twende wote. Amevaa kikwembe chake cha ndege, kitenge cha kutembelea wageni, amebeba mkoba mkubwa. Kwenda kupimisha gari! Nimewasha gari.

Kwenye rond-point, penye mzunguko wa magari, polisi wa roulage, wale wa barabarani, amefungua mlango wa nyuma na kuketi kama mgeni wetu. Amesoma karatasi mara mbili. Amechukia kabisa kukuta iko sawa. Nimefurahi kama mtoto.

Furaha imeishia kituoni. Hakuna umeme, mashine zimelala. Turudi Jumatano; wameandika tarehe mpya kwenye karatasi.

Kituo kiko kwenye barabara ya kwenda mji wa Kipushi. Mama amenyoosha kidole mbele: "Kwa Jeanne ni kule tu." Nimemwambia karatasi yetu inaishia hapa getini. Ameukumbatia mkoba wake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nina hasira, acha niandike yote. Mama mkubwa Jeanne, dada yake mama, ni mgonjwa sana Kipushi. Figo. Kwenye kilio cha baba alisema mbele ya watu kwamba gari litaoza uani, Albertine, yaani mama, hana wa kuliendesha. Mama akaapa: kwa Jeanne hatakwenda tena ila ndani ya gari hilo. Sasa taksi hataki. Gari la jirani hataki. Wazee wawili, vichwa vigumu, na mimi nimebanwa katikati!

Paulin ana dawa yake: tufunge matawi mbele ya gari, tuwashe taa, kama watu wa kilio. "Yaya, motokari ya kilio, ba roulage banaiachaka ipite."

Mimi yaya, mkubwa wake, nimemfukuza jikoni. Kumwitia kifo mtu aliye hai!

Jumatano, 15 Oktoba
Mashine ya kupima breki imekufa. Turudi tarehe 23. Mama ameshika mkoba magotini njia nzima.

Jumapili, 19 Oktoba
Jeanne amelazwa. Wamesema anauliza kama motokari ya shemeji yake imepona. Mama amecheka, kisha amelia.

Nimeisoma tena karatasi, labda kuna mstari niliouruka. Hakuna. Nauchukia ule mstari wa "bila kupinda". Najichukia mimi pia — kidogo.

Alhamisi, 23 Oktoba
Naandikia kwenye usukani. Foleni. Magari manne mbele, sita nyuma, ukuta kushoto, mfereji kulia. Lakini umeme upo, mashine zinanguruma! Nimemwahidi mama: tukipewa cheti, hatugeuzi, moja kwa moja Kipushi. Anaimba chinichini. Kikwembe cha ndege, mkoba mkubwa. Sasa najua ndani mna nini: unga wa muhogo na nguo za kulalia. Za siku nyingi.

Saa tatu na nusu Paulin amepiga simu. Mama mkubwa amefariki alfajiri. Nisimwambie mama mpaka afike yeye. Nimejibu sawa, sawa, sawa. Mama ameuliza ni nani. Nimesema fundi. Mimi, mwalimu wa civisme!

Magari mawili mbele.

Kama wiki iliyopita ningepita tu pale getini. Dakika arobaini! Wangekaa wawili, wangegombana, wangecheka. Nilikuwa na karatasi safi.

Gari moja.

Paulin amefika kwa pikipiki. Hakuja kwetu. Amesimama ng'ambo ya mfereji, kwenye miti ya kando ya barabara. Mama amemwona kabla yangu.

"Uyu Paulin iko navunja matawi ya nini?"

Naandika ili nisiinue kichwa. Ameuliza tena, polepole. Nyuma wanapiga honi — mbele pako wazi, ni zamu yetu.