Magurudumu Uliyoniachia

Migori, Juni 1996. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Homa Bay, na masika ya kwanza kupita bila wewe.

Chacha, rafiki yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha. Kikuria chako sikukijua zaidi ya salamu, na katika Kijaluo changu wewe ulijifunza matusi tu. Nimeketi mbele ya tangi la samaki. Nimekwisha inuka mara kadhaa tangu nishike kalamu; nagusa kioo, nachungulia chini, narudi kuketi. Jumamosi mwanangu Odhiambo anakuja na lori, na sijampa jibu.

Baada ya mazishi yako mkeo Boke alikuja na gunia. Alisema ulikuwa umeyafunga yaliyomo kwa waya kwenye karakana na kumwambia ni ya jaduong', yule mzee mwenye samaki. Ndani mlikuwa na magurudumu manne ya mpira mgumu, ya ile toroli iliyokuwa ikibeba mawe ya dhahabu kule Osiri. Nilicheka mbele ya mjane, Chacha, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Hata ulipokufa hukukubali kushindwa.

Unakumbuka siku uliyochomelea fremu ya stendi ya tangi hili. Ulitaka kuitia magurudumu na mimi nikakataa. Nikakueleza kwamba debe moja la maji ni kilo ishirini, na tangi hili linameza karibu madebe ishirini, bado kokoto, bado vioo vyenyewe. Stendi iliyokalia mbao huutandaza uzito. Magurudumu huurundika mahali panne. Sakafu ikizama kidogo upande mmoja fremu hujipinda, nacho kioo hakijui kujipinda, hupasuka. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya mtu aliye kanisani. Halafu ukasema: "Jaduong', nyinyi Wajaluo safari yenu kubwa ya kurudi kwenu mnaifanya mkiwa ndani ya sanduku. Mimi nakuzoesha mapema."

Na samaki wenyewe uliwadharau. Mtu wa nyama ya ng'ombe, ulikuwa ukiinama kwenye kioo na kuuliza hawa wataiva lini. Nikakwambia ni fulu, vijisamaki vya utoto wangu, tuliokuwa tukiwazoa kwa vikapu kwenye maji ya magoti. Mababu wa hawa niliwaleta kwa ndoo kutoka Homa Bay, kabla mbuta, wale samaki walao wenzao, hawajalifagia ziwa. Nimewauliza wavuvi wengi tangu hapo. Aina hii, yenye mkanda mweusi ubavuni, hawaioni tena kwenye nyavu.

Sasa Odhiambo amejenga Rangwe, karibu na Homa Bay. Nyumba nzuri, ya matofali, na kimo chumba kimoja chenye dirisha upande wa asubuhi ambacho anakiita chumba cha samaki wa Baba. Hataki nife ugenini. Anasema wazee wa ukoo wamempigia hesabu ya umri wangu na wanamwuliza kama anangoja kunibeba. Mimi nilitoka kwa uhamisho wa kazi, nikaenda likizo nikakuta shamba la baba limegawanywa mpaka mpakani pa choo. Yeye hilo halimhusu. Yeye ni kijana, amenunua kiwanja chake, na anaona kila kitu kinaweza kupakiwa.

Kwa hiyo mwezi uliopita, alipokuja na jeki, nilimtolea gunia lako. Tulipunguza maji mpaka nusu, tukainua, tukafunga magurudumu, tukashusha taratibu. Nikaweka pima maji juu ya fremu, kwa urefu wake tu. Nikahesabu uzito, nikakagua viungio vya vioo. Nilisahau kitu kimoja ambacho kila mama wa mji huu anakijua: nyumba zetu sakafu huinamishwa kuelekea mlangoni, ili maji ya kupiga deki yatoke yenyewe. Stendi yako ilikuwa na kabari chini ya miguu miwili, uliziweka mwenyewe. Tulipokuwa tukirudisha maji ndoo kwa ndoo, tangi likaondoka.

Halikukimbia. Lilikwenda polepole, kama mgeni anayeaga kwa heshima. Odhiambo alilizuia kwa mgongo, miguu ikiteleza, nami nikasukuma kamusi yangu nene chini ya gurudumu la mbele. Jirani yetu Mama Atieno alikuwa anapita na beseni, akachungulia: "Jaduong', ziwa lako linakwenda wapi?" Wewe ungeanguka chini kwa kicheko.

Lakini kulikuwa na jike aliyebeba. Hawa mayai yao huyaatamia mdomoni, na muda wote huo mama hali chochote. Kwa mtikisiko ule aliwatema wanawe, chembe chembe zenye macho, na madume wakawala sisi tukiwa tumeshikilia tangi, hatuna mkono wa kuokoa. Odhiambo aliona. Akasema, "Baba, wengine watazaliwa." Ni kweli. Sikumkasirikia.

Tuliyafungua magurudumu jioni ileile na kurudisha kabari zako. Tangu hapo situlii. Naamka kupima sakafu ambayo naijua. Natafuta ubao wa kulalishia magurudumu, nachora breki, naifuta michoro.

Chacha, sikukusimulia safari yangu ya Homa Bay ya Desemba ile kabla hujaugua. Nilishuka mpaka majini, mahali pa vikapu vyetu. Mzee mmoja wa rika langu alikuwa anashona wavu. Nilimsalimu kwa Kijaluo. Akanitazama viatu, akaniuliza kwa Kiswahili safi, kwa upole, mimi ni mgeni wa nani. Nilitaja jina la baba yangu. Akalifikiria kweli, akatikisa kichwa. Nikamwuliza habari za fulu wa mkanda mweusi, akasema hao ni hadithi za wazee. Nilinunua mbuta mmoja ili nisiondoke mikono mitupu, nikampa konda wa basi.

Leo jike mwingine amebeba. Mashavu yamemjaa, amejificha nyuma ya jiwe na hataki kutikiswa.

Nimeandika hadi hapa na sasa najua nitakalomwambia mwanangu. Nitamwambia chumba kile chenye dirisha awape watoto wake wakisomee. Nitamwonyesha mahali nyuma ya nyumba hii, kando ya mipapai, atakaponizika, na nitamtaka awaambie wazee wa ukoo kwamba ni mimi niliyesema, si yeye aliyeshindwa. Litamwuma. Atalia au atagomba, na lori litarudi tupu.

Magurudumu yako hayatalala guniani. Boke anauza uji stendi ya mabasi na kila asubuhi anabeba masufuria kichwani. Nimekwisha zungumza na fundi amtengenezee mkokoteni. Nakuahidi hatabeba tena kichwani nikiwa hai. Nakuahidi pia kuipaka rangi fremu yako kila mwaka, kutu isiiguse.

Pumzika, mura, kijana wa Kikuria. Ulinizoesha vyema, ila safari yenyewe nimeikataa. Sitarudi Homa Bay.