Keram Iliyofukizwa Udi

Jumatatu, 15 Mei 1995
Nimepangusa keram tena. Ubao umevimba kwa unyevu, poda ya kuterezesha kete yaganda kama unga mbichi. Mvua haikatiki. Kidole cha shahada, cha kufyatulia kete ziingie mashimoni, chauma tangu alfajiri.

Walikuja wote wa kucheza, wakala mahamri yangu. Wakishiba, wifi yangu Rukia, mwenye keram, akatoa hukumu. Nyumba hii yavuja, ubao utaharibika. Nuru, mke wa mwanangu, ana feni ghorofani kwake kule Ganjoni. Basi Alhamisi mimi na Nuru tucheze. Atakayeshinda, keram ikae kwake.

"Wewe pumzika tu, Mama," asema Nuru. Pumzika! Nimechoka kweli, lakini si yeye wa kuniambia.

Ngazi za Ganjoni magoti haya hayaziwezi. Keram ikitoka hapa, na watu watatoka. Nitabaki na kuta.

Jumanne, 16 Mei
Nguo hazikauki, nazifukiza juu ya chetezo. Nikasema, mbona keram nisiifukize? Nikaiinamisha juu ya makaa. Na udi nikatia, ule uliopikwa kwa sukari. Ikakauka. Nikafurahi kama mjinga.

Baada ya alasiri nikapiga kete. Haziendi! Moshi wa udi umeacha utando, ubao wanata kama halua. Nimesugua kwa kitambaa, nimesugua kwa ndimu. Wapi.

Sijala. Sina hamu.

Jumatano, 17 Mei
Mwili mzito. Nimecheza peke yangu tangu asubuhi. Kete yangu ya kupigia ni ya plastiki, nyepesi, yanifaa kwa kidole hiki kibovu. Yasimama katikati ya ubao. Nikatoa ile nzito ya pembe, ya marehemu mume wangu. Kidole hakiiwezi. Nikajaribu gumba. Gumba lina nguvu, limekanda unga miaka yote.

Kugongesha ukingoni nimeacha, kete hairudi. Karibu karibu, moja kwa moja, shimoni. Za mbali nazisogeza tu, zingoje zamu yake.

Mchezo mbaya. Lakini zaingia.

Alhamisi, 18 Mei
Nimeshinda.

Rukia hata hajaketi, ashanusa. "Wifi! Hii keram au bibi harusi?" Wakacheka mpaka jirani yangu Salma akapaliwa. Nikawaambia nilivyofanya. Kuficha siwezi.

Nuru akachagua kete nyepesi, akafyatua kwa mbwembwe, igonge ukingo irudi. Ikafia njiani. Akamwaga poda. Nikamwambia usimwage, yashika. Hakunisikia, masikio yake ya pambo. Ubao ukawa uji. Mimi na gumba langu, polepole. Ile nyekundu, malkia wa mchezo, nikaitia, na ya kuifuata, isirudishwe ubaoni, nikaitia.

"Gumba, Mama? Mchezo gani huo?"

"Wa kushinda."

Nilidhani nitafurahi. Bega lauma, hilo ndilo nililopata.

Jumamosi, 20 Mei
Walikuja na mvua yao. Nuru kaleta sambusa, chumvi tele, nimemwambia. Sikucheza. Gumba limevimba. Nimempa yeye kiti changu, nikakaa mkekani, mgongo ukutani. Kete zikigonga. Rukia na Salma wakigombania zamu, kila mmoja aapa. Usingizi ukanichukua papo hapo.

Nilipoamka walikuwapo bado.