Kuku wa Litapunga

Mume wangu Shija,

Huku Makanyagio tumeamka salama, ila babu yako bado anagombana na goti lake. Barua yako imeninyima utulivu. Nimeinuka mara tatu tangu nishike kalamu.

Unasema wanafunzi mnachangisha hapo chuoni kwa ajili ya utafiti wa selimundu, na mama mmoja mwenye mgonjwa amekuuliza dawa itapatikana lini. Ukamjibu, "Karibuni tu." Sasa hulali vizuri, unauliza kama ulikosea.

Mimi pia nilijibu hivyo. Miaka ya sabini, nikisomea ualimu, tulizunguka vijijini kuchangisha kwa ajili ya utafiti wa malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Tulipokea chochote, hata mahindi. Litapunga nilimkuta mama aliyekuwa anamuuguza mwanawe. Nikamwambia, "Changia, mama, mwanao atapona." Akanipa kuku wake.

Yule kuku alinilemea. Nilijua nimedanganya, maana utafiti huchukua miaka. Kabla hatujafika barabarani nikawaacha wenzangu, nikarudi mbio.

"Mama, dawa hiyo haitamuwahi mwanao," nilimwambia. "Shika kuku wako."

Hakumpokea.

"Nilijua," alisema. "Mwanangu ninamuuguza mwenyewe. Huyu kuku nimemtolea mwanao."

Sikuwa na mtoto wakati ule. Mama yako nilimzaa baadaye.

Kamtafute yule mama, Shija, umwambie ukweli. Usingoje wikiendi.

Bibi yako,
Kabula